Mkono Mgeni

Ta. Ta-ta. Taa. Mlio wa chuma kwa chuma ulipenya ukuta wa mbao, na mke wa karani akaacha sahani zikielea kwenye beseni, akakimbilia ofisini na mikono yenye povu.

Stesheni ilikuwa na vyumba viwili tu. Kimoja cha kulala, ambamo mumewe alikuwa kitandani siku ya arobaini sasa, upande wa kulia wa mwili wake umepooza kwa kiharusi. Kingine cha telegrafu. Reli ilikuwa ya njia moja, na gari moshi halikuthubutu kutoka stesheni yoyote mpaka karani wa stesheni ya mbele agonge kwenye waya kwamba njia iko wazi. Kwa siku hizo arobaini, aliyegonga alikuwa mke wa karani. Nukta na vistari alivijua kwa kusikia tu, miaka yote ya kupika na kufua nyuma ya ukuta ule. Madereva waliambiwa karani yuko ndani, ana kazi nyingi. Kampuni haikujua lolote. Ikijua, mume hana kazi, na wote wawili hawana pa kulala, maana nyumba ni ya kampuni.

Leo aliyeita alikuwa Msumari, aliyekuwa amepokea ishara zake siku zote hizo bila kuuliza.

Hilo ndilo jina ambalo makarani walimpa mwenzao wa stesheni ya chini, kwa jinsi nukta zake zilivyoingia sikioni kama zimepigwa nyundo. Hakuna aliyewahi kumwona. Likizo hachukui, mikutanoni haji. Alipoalikwa harusini alituma salamu kwa waya. Lakini masikio yake yaliogopwa njia nzima. Mwaka juzi aliusikia mkono mgeni: karani mmoja alikuwa amemwachia kiti shemeji yake mlevi, na magari mawili yakaponea chupuchupu. Msumari akawaarifu wakubwa, na kabla jua halijazama, karani yule na watoto wake walikuwa wamekaa juu ya magodoro kando ya reli.

Mke wa karani aliketi, akaandika herufi moja moja kama zilivyogongwa.

WEWE SI YEYE.

"Amenishika," alisema, akiuelekea ukuta. "Bwana Msumari amenishika."

"Mwambie nimejikata kidole," mumewe alijibu kutoka chumbani, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo.

Akagonga hivyo. Jibu lilirudi kabla hajavuta pumzi.

KIDOLE KILICHOKATWA HUKAWIA. CHAKO KINA HARAKA.

Kisha:

NAPANDA GARI LA SAA SITA. NAKUJA MWENYEWE. NJIA IKO WAZI?

Aliyasoma maneno ya mwisho mara tatu. Gari la kumleta mshitaki wake lisingeweza kusogea hata shubiri moja bila ruhusa yake yeye mwenyewe.

"Mwambie imefungwa!" mumewe alipaza sauti. "Mwambie mti umeanguka, mwambie ng'ombe, chochote! Gari hilo litakwama huko mpaka jioni. Jioni sisi tutakuwa tumeshahama."

"Tuhame vipi? Nikubebe mgongoni kama gunia?"

"Si ulisema utanibeba tukizeeka? Basi mimi nimewahi."

Alitaka kucheka, akashindwa. Alitazama dirishani. Reli zilimeta juani, tupu mpaka konani. Ndani ya gari lile kulikuwa na watu. Labda mgonjwa anayewahishwa hospitali, labda mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Na hata lingekuwa tupu, akidanganya leo kwa sababu ya hofu, kesho neno lake la njia wazi litakuwa na thamani gani?

"Iko wazi," alisema. "Nitasema iko wazi."

"Utatuua, mke wangu."

Akagonga. NJIA IKO WAZI.

Halafu akafunga nguo zao katika shuka moja, akamvalisha mumewe shati safi, akamfunga vifungo vyote hadi shingoni. "Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe tumevaa."

Saa sita na nusu gari likaingia likihema moshi. Alisimama mlangoni. Macho yalitafuta kofia ya kampuni, koti lenye vifungo vya shaba, uso mkali wenye sharubu. Akashuka bikizee mmoja na kikapu chake, akipapasa ngazi kwa mguu. Hakushuka mwingine. Gari likapiga honi, likaondoka.

Hakuja! Mke wa karani aliegemea nguzo, machozi yakimlengalenga. Alipogeuka, bikizee alikuwa ameshampita na kuingia ofisini.

"Shikamoo, bibi. Samahani, humu abiria hawaruhusiwi."

"Marahaba, mwanangu."

Bikizee alivuta kiti cha karani, akaketi bila kukaribishwa, akagonga meza kwa ukucha mmoja. Kila nukta iliingia sikioni kama imepigwa nyundo.

Mke wa karani akashika ukuta. "Na Bwana Msumari mwenyewe?"

"Mume wangu? Nilimzika miaka tisa iliyopita. Kampuni hadi leo inamtumia barua za pongezi."

Akamvutia kiti kingine karibu yake. "Keti. Ungenidanganya kwamba njia imefungwa, ningerudi kwenye waya nikuseme kwa wakubwa. Mpaka jioni hakuna gari jingine, na nakuahidi, mwanangu: gari hilo la jioni halitanichukua kabla hujagonga kama mumeo, hata mama yake mzazi asikie, aape ni yeye."