Mafuta Yanakwenda Wapi

Mumewe alipogeuka kuchukua mkoba wake kiti cha nyuma, Mama Pacha alichungulia dashibodi kabla gari halijazimwa. Lita kumi na moja kwa kilomita mia. Zilikuwa hivyo hivyo tangu wiki injini ilipotyuniwa kwa kompyuta, na ilityuniwa ili zishuke chini ya nane.

"Hiyo skrini inadanganya," mumewe alisema bila kumtazama. "Wakishaichezea kompyuta ya injini, hesabu zote zinavurugika."

Kutyuni lilikuwa wazo la Mama Pacha. Gari lilikuwa limezeeka na lilikunywa mafuta kama halina mwenyewe, na ng'ambo ya barabara, mkabala na famasi anakofanya kazi, kulikuwa na gereji ya Spana, fundi aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Spana alichomeka laptopu yake, akabadilisha alichobadilisha, kisha akamkabidhi mumewe ufunguo huku akimwita shemeji na kumwambia kwamba sasa gari litakuwa linanusa tu kituo cha mafuta na kupita. Mama Pacha alicheka mpaka akashikilia mlango. Mumewe alitabasamu. Njiani akauliza kama Spana ameoa. Hajaoa, Mama Pacha alimjibu, nani atauvumilia mdomo ule.

Tarakimu zilianza kupanda wiki hiyo hiyo.

Safari zao hazikuwa zimebadilika. Asubuhi mumewe, mwalimu wa jiografia, alimshusha famasi kisha akaenda shuleni. Jioni akapita kumchukua. Barabara ile ile, foleni ile ile. Mama Pacha, ambaye kutwa nzima anapima dawa za watu, hakuweza kuliacha jambo hilo. Alijigeuzageuza kitandani. Aliwapa pacha chai isiyo na sukari, nao wakatazamana. Kilichomuuma ni kwamba ni yeye aliyemleta fundi, ni yeye aliyemsifia.

Jumamosi moja alimwacha mumewe amelala, akalipeleka gari gereji. Spana hakununa. Alikubali kwamba kutyuni kunaweza kuipotosha skrini, maana skrini haipimi mafuta yenyewe. Inakisia tu kwa muda ambao nozeli za kunyunyizia mafuta zinafunguka. Njia ya uhakika ni kujaza tanki mpaka juu, kuendesha, kujaza tena mpaka pale pale, halafu kulinganisha. Basi wakafanya hivyo. Kila famasi ilipopoa mchana, Mama Pacha alivuka barabara kumpelekea fundi alichokisoma kwenye dashibodi asubuhi, na kila mara alirudi akicheka kwa neno fulani la Spana.

Jibu likatoka. Skrini ilikuwa inasema kweli, karibu tone kwa tone. Jumamosi iliyofuata Spana akaisoma kompyuta ya gari bila mzaha hata mmoja.

"Dada, injini ni nzima. Ila gari hili linasimama mahali muda mrefu huku linanguruma. Mafuta yanaungua, kilomita haziongezeki."

"Linasimama wapi?"

"Hilo kompyuta haisemi."

Mumewe alikuwa amemwambia kwamba kila siku baada ya vipindi hubaki shuleni akisahihisha madaftari. Jumatatu Mama Pacha alipiga simu shuleni. Mlinzi alimjibu kwa bashasha kwamba mwalimu huondoka kengele ikilia tu, hata kuaga haagi. Alipoiweka simu alimpa mteja dawa ya kikohozi ya mtu mwingine, ikabidi amkimbilie mpaka nje kumnyang'anya. Kichwani mwake alikwisha kuliona gari: vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza, na mwanamke fulani anajitengeneza nywele kabla ya kushuka ngazi.

Kesho yake alisingizia jino, akamwachia mwenzake kaunta. Spana hakutaka kabisa kuingia katika mambo ya mke na mume, na alimwambia hivyo wazi. Mama Pacha akasema basi atakwenda kwa miguu. Spana akafunga geti la gereji, akawasha pikipiki.

Kengele ya shule ikalia. Gari likatoka. Wakalifuata kwa mbali, nyuma ya lori la mchanga, Mama Pacha akiwa amekishika kiuno cha Spana kwa mikono miwili na helmeti kubwa ikimziba nusu ya macho. Gari likapita soko. Likakaribia maghorofa mapya, likapunguza mwendo, na mwanamke mwenye mwavuli akainua mkono. Teksi ikasimama, mwanamke akapanda, na gari la mumewe likaendelea zake. Likakata kushoto, kisha kulia, likaingia kwenye kiuchochoro ambacho hakukitambua mara moja, kwa kuwa hakuwahi kukijia kutoka upande huo.

Likasimama kwenye kivuli cha ghala. Injini haikuzimwa. Spana naye akasimama hatua chache nyuma. Mbele ya gari, mwisho wa uchochoro, ulionekana mlango wa famasi upande mmoja na geti la gereji upande wa pili.

Simu ya Mama Pacha ikaita. Alivua helmeti, akaipakata, apate kusikia.

"Uko wapi, Mama Pacha?"

"Si niko kazini, Baba Pacha."

Sauti ya mumewe ikashuka.

"Na Spana yuko wapi? Mbona amefunga?"

Kisha akainua macho kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, akamwona mkewe, mkono mmoja bado umeshika kiuno cha fundi.