Fundi wa Meli ya Makumbusho

Tangu iwe sheria kwamba meli ya zamani ihifadhiwe pamoja na fundi wake wa mwisho, nikitaka kumwona mume wangu lazima nipange foleni na watalii.

Jumapili nilipanda meli hiyo katika safari yake ya watalii ya kuzunguka ghuba ya Mwanza, nikashuka na hotpoti langu hadi chumba cha injini. Bwire alikuwa amesimama nyuma ya kamba, kavaa ovaroli ambayo sikuifua mimi.

"Baba Nyangeta, wakwe wanaleta mahari Jumamosi. Nani atawapokea?"

Akamtazama dada anayetembeza wageni. "Injini hii ina silinda sita," akajibu.

"Silinda nimezichoka! Nakuuliza habari za mwanao!"

Watalii wakacheka. Bwire akamtazama tena yule dada. Haruhusiwi kutaja lolote lililotokea baada ya meli kustaafu na kuwa makumbusho, na siku meli inastaafu, Nyangeta alikuwa bado tumboni. Msichana mzima anaolewa, na baba yake hawezi hata kusema kwamba alizaliwa.

"Mke wangu ni mjamzito," akasema hatimaye. "Akijifungua msichana, tutamwita Nyangeta. Siku atakayoolewa, nitampokea mkwe mimi mwenyewe."

Watalii wakapiga makofi. Yule dada akafurahi kweli, akafungua kamba, akanishika mkono na kunisimamisha kando ya Bwire.

"Na huyu ndiye mke mwenyewe!"

Kisha akaifunga kamba mbele yangu, na simu zote zikaelekezwa kwenye tumbo langu.