Kona Isiyofagiliwa

Mara ya tatu msimu ule, Paskalia alikuta bani la kukaushia tumbaku limefagiliwa nusu. Siku nyingine mumewe huliacha safi kabisa. Leo tena majani ya zamani yenye ukungu yalibaki konani, na mabichi yalikuwa yakinyauka juani yakisubiri kupakiwa humo.

Akachukua ufagio, akasogea kona ile. Mama mkwe wake alikuwa amelala juu ya majani, jani moja amelifumbata kiganjani, anatabasamu.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Mwanangu hufagia akinizunguka," bibi alijibu, macho kayafumba. "Nikilala hapa nasikia harufu ya nyumba yetu Burundi. Wote tuliowapoteza kule wapo hai."

Wabebaji wa majani mabichi wakaita kutoka mlangoni.

"Ngojeni kidogo," alisema Paskalia. Akaweka ufagio chini, akajilaza kando ya mama mkwe wake.