Mbio za Mama na Binti

Hospitali ilitaka programu moja tu ya kutafutia mafaili ya wagonjwa, ile iliyo na kasi zaidi. Ya Mwanaidi, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya C++, ilimaliza kwa sekunde tisa. Ya Zamda, ya C, lugha iliyoizaa hiyo, ilichukua ishirini. Zamda akaanza kukunja waya wake.

"Mama C kazeeka, shoga," Mwanaidi akamtania. Kisha akainamia kompyuta ya mwenzake. "Ngoja. Hukuweka alama ya kuiagiza kompyuta iiharakishe programu. Mimi niliweka."

"Lakini umeshashinda."

"Nimemshinda aliyefungwa miguu. Rudia."

Zamda akaongeza alama, akabonyeza. Feni ikavuma. Kwenye sekunde ya tano, Mwanaidi ndiye aliyekuwa akinong'ona, "Haya mama, kimbia."