Kamba ya Gagulo

"Utajikata vipande viwili!" mama yake alimfokea. "Legeza kidogo."

"Isije ikanivuka njiani," Ketaki alijibu. Akaikaza zaidi kamba ya gagulo, akafunga fundo, ndipo akajizungushia sari. Walikuwa wanakwenda kwa daktari wa ngozi, na kiunoni ndiko hasa hakutaka aonwe.

Dakta Pendse alimmulika paji la uso na mdomo, palipokuwa peupe kama chokaa.

"Mwaka mzima hujapata baka jipya?"

"Sijapata."

"Hata moja? Maana nikipandikiza ngozi na ugonjwa bado unatembea, hiyo ngozi itageuka nyeupe. Na pajani nitakapoitoa patageuka vilevile. Ikikataa, binti, sitakukata tena."

"Si ameshasema hajapata, Dakta?" mama alidakia. "Dawa za kupaka tumepaka, taa amemulikwa, hata samaki na maziwa hatumpi kwa siku moja, wasije wakamzidishia mabaka. Mfanyie tu. Kuna watu wanasubiri."

"Haya. Ila asibane nguo. Wanawake wengi hapa Nagpur baka jipya huwatokea pale pale inapopita kamba ya gagulo. Ngozi hii haitaki kusuguliwa."

"Sibani," Ketaki alisema bila kupepesa macho. Chini ya sari, mstari mweupe ulikuwa tayari umemzunguka kiuno, mpana kama kidole. Nesi alimkagua uso na mapaja, basi.

Waliokuwa wanasubiri ni Girish, shemeji yake, na mama mtu. Revati, dada yake Ketaki, alikuwa amekufa kwa moto jikoni kwa Girish. Jiko la mafuta ya taa lililipuka, ndivyo walivyoambiwa. Matanga hayajapoa, macho yakageukia kwa mdogo mtu, maana nyumba haiwezi kukaa bila mke, na ukoo wenyewe ni ule ule.

Miezi kadhaa kabla ya kwenda kwa daktari, mama Girish alikuwa amewaita kwake kuzungumza. Aliwapikia chai kwenye jiko la buluu la mafuta ya taa, lile ambalo Revati alitoka nalo kwao siku ya harusi. Lilikuwa jiko pekee mle ndani, na lilivuma vizuri tu, bila hata alama ya mlipuko. Ketaki alilitazama mpaka chai ikapoa mkononi.

"Tutamchukua," mama Girish alisema, "lakini si na uso huo. Ndugu zangu watanicheka. Mtengenezeni. Tutangoja operesheni moja, hatungoji mbili."

Njiani kurudi, mama yake Ketaki alilia kwa furaha. "Mungu amekukumbuka! Wachumba wangapi wamekunywa chai yetu wakakimbia? Huyu angalau ni mtu wa nyumbani. Au humtaki?"

"Nitafanya operesheni, Mama."

Alifanya. Dakta Pendse alimchuna pajani ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, akaibandika kwenye paji la uso na mdomoni. Maumivu yalikuwa makali, na Ketaki hakulalamika hata kidogo. Nesi alimsifu kwa ujasiri. Wanaotaka kuolewa, alisema, ndivyo walivyo.

Bandeji zilipotoka, rangi ilianza kuota, vidoadoa vya kahawia kama mbegu. Mama yake alipiga simu kila mahali. Ketaki alijitazama kwenye kioo, akaingiwa na hofu hasa. Usiku akawa hapati usingizi.

Kisha vile vidoa vikapauka, kimoja kimoja. Paji likarudi kuwa jeupe, mdomo ukawa mweupe kuliko mwanzo. Hata paja, palipochunwa, pakageuka chokaa. Dakta Pendse alitikisa kichwa kwa masikitiko na kufunga faili.

Simu ya mama Girish haikuchelewa. Mama alisikiliza, akaweka chini mkono wa simu, akakaa sakafuni.

"Wamepata msichana wa Wardha. Wanasema ngozi yake haina hata kipele." Akajipiga kifuani. "Tumemkosea nini Mungu? Nani atakuchukua sasa, mwanangu?"

Ketaki aliingia chumbani, akasimama mbele ya picha ya Revati yenye shada la maua. Alipandisha sari, akafungua lile fundo alilolikaza kila asubuhi tangu siku ya chai ya jiko la buluu. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

Halafu akaitazama tena picha ya dada yake. Alirudi kwa mama yake mbio, kamba ikining'inia.

"Mama, huyo msichana wa Wardha anaitwa nani?"