Mgeni wa Nungunungu

Nungunungu mmoja alijivunia bustani yake mpaka akakosa usingizi. Kila asubuhi alimwaga mtama ili Korongo atue, majirani wamwonee gere. Wakaja shomoro tu.

"Babu, leo umetupunja!" walimtania.

"Kwani nani aliwaalika, nyie?"

Siku Korongo alipotokea angani, Nungunungu aliwaonea shomoro haya, akawafukuza wote. Korongo akazunguka, kisha akageuza.

"Mheshimiwa, mbona hushuki?"

"Nilifuata kelele za shomoro. Wakinyamaza, najua kuna paka."

Nungunungu akakimbia kuwaomba radhi. Waliporudi na makelele yao, Korongo naye akatua, akauliza chakula chake kiko wapi.

Nungunungu akatutumua miiba kwa fahari. "Panga foleni, mheshimiwa. Wenye bustani ndio kwanza wanakula."