Kutoka Juu ya Mnara

Tangu amzike mumewe, Salha alikuwa akiendesha gari peke yake kando ya pwani, akipiga picha minara ya taa. Watu hakuwapiga picha.

Siku hiyo ukungu ulitanda hata kilele cha mnara hakikuonekana. Mlinzi wa taa, Mzee Kombo, alimkaribisha nyumbani kwake, chini ya mnara, anywe chai na mkewe, Bi Mgeni, ambaye hakuweza tena kutembea.

"Mwanangu," alisema Bi Mgeni, "mume wangu hunipungia mkono kila asubuhi akiwa kule juu. Sijui ananionaje. Nipige picha kutoka huko."

"Na ukungu huu, mama?"

"Nisogezeni mlangoni. Nitangoja."

Salha akapanda ngazi nyuma ya mzee. Juu kulikuwa na weupe mtupu.

"Mgeni!" mzee akaita.

"Labeka!" sauti ikajibu kutoka chini.

Wakasubiri mpaka ukungu ukafunuka kidogo, ikaonekana kanga nyekundu ya Bi Mgeni mlangoni, ndogo kama ua. Salha akapiga picha.

Waliposhuka, Bi Mgeni aliishika kamera kwa mikono miwili, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Kumbe mimi ni mdogo hivi?"

"Ndiyo," alisema mzee. "Lakini nakutafuta wewe kwanza, ndipo naangalia bahari."

Salha aligeuza uso. Bi Mgeni akamwona.

"Mwanangu, kaa hapo kizingitini. Nionyeshe pa kubonyeza."

Salha akamwonyesha, kisha akakaa, ukungu mgongoni mwake, asijue mikono aiweke wapi.